Mwenye Hisa Anamjibu Nani?

Mama yangu na wanawake wenzake kumi na mmoja wana mashine ya kusaga mihogo na mahindi karibu na soko la Bugendana, mkoani Gitega. Waliinunua kwa akiba ya nawenuze, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, ambamo kila wiki kila mmoja hununua sehemu kadiri ya uwezo wake, na mwisho wa mwaka fedha hugawanywa. Mwaka ule waliamua wasigawane, wakanunua mashine. Injini yake inatumia mazuti, na wote tunaosoma hapa tunajua mazuti yamekuwa yakipatikana vipi nchini kwetu katika miaka hii. Kuna majuma mashine imesimama kabisa, na wateja wakarudi kwenye kinu na mchi.

Ndipo alipokuja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini Gitega. Alisema atatoa faranga milioni 6 za kununua mota ya umeme na kuvuta waya hadi kwenye banda, na yeye apewe nusu ya mashine. Mama akanipigia simu chuoni Bujumbura. "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niambie. Huyu mtu akishanunua nusu, sisi tutakuwa nani?"

Mimi nasoma lugha, sisomi uchumi. Nilimwomba anipe wiki moja. Insha hii ndiyo ile wiki, imerefuka.

Nilianza na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifahamu. Neno hisa tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni fungu, sehemu ya kitu kilichogawanywa. Mama analijua jambo hilo hata kama halitaji kwa jina hilo, maana sehemu anazonunua kila wiki katika nawenuze ni hisa. Tuseme mashine pamoja na mota mpya ina thamani ya faranga milioni 12, kama anavyokubali yule mfanyabiashara mwenyewe anapotoa milioni 6 kwa nusu yake. Tukiigawa katika mafungu 1,200, kila fungu litakuwa faranga 10,000. Wanawake watashika hisa 600, yeye 600. Faida ikipatikana na wakaamua kuigawa badala ya kununulia mashine nyingine, kila hisa itapata kiasi chake, na hicho huitwa gawio. Mpaka hapo tuna kampuni binafsi, yaani wenye mali wanajuana kwa sura.

Sasa tuseme wanamkataa mtu huyu mmoja, na badala yake wanatangaza kwamba hisa 600 zinauzwa kwa yeyote anayetaka, kuanzia Gitega hadi Muyinga. Hilo ndilo toleo la awali la hisa kwa umma. Kampuni haiwezi kuamka asubuhi na kulifanya. Ni lazima iandike waraka wa matarajio, unaoeleza biashara ni ipi, imepata faida au hasara gani, ina madeni gani, nani anaiendesha na hatari zake ni zipi. Mamlaka ya masoko ya mitaji huusoma na kuuidhinisha. Madalali wa hisa hupokea maombi ya wanunuzi. Baada ya hapo hisa huorodheshwa katika soko la hisa, na kuanzia siku hiyo anayetaka kutoka humuuzia anayetaka kuingia, kwa bei wanayokubaliana. Mauzo ya kwanza huitwa soko la awali, na haya ya baadaye soko la upili. Tofauti yake si ndogo. Katika soko la upili kampuni haipati hata faranga moja. Fedha hutoka mfukoni mwa mnunuzi na kuingia mfukoni mwa muuzaji. Hata katika soko la awali inafaa kuuliza nani anauza. Kampuni ikitoa hisa mpya, fedha inaingia kwenye kampuni. Mmiliki wa zamani akiuza zake, fedha inakwenda kwake.

Neno lililonisumbua zaidi ni umma. Kwa Kiswahili, mali ya umma ni mali ya wote, kama barabara, hospitali ya serikali na msitu wa hifadhi. Shirika la umma ni la serikali kwa niaba ya wananchi. Lakini tukisema kampuni imeuzwa kwa umma, maana inageuka: umma sasa ni yeyote mwenye fedha ya kununua. Neno moja linabeba watu wote na linabeba pia wateja. Huenda mtu akaona huu ni mchezo wa wanafunzi wa isimu. Naomba atazame yaliyotokea Kenya mwaka 2008.

Mwaka ule serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10, kila moja kwa shilingi 5. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Watu walipanga foleni kwenye benki na kwa madalali, wengi wakiwa wanaingia katika soko la hisa kwa mara ya kwanza maishani, na wako waliokopa ili wanunue. Kwa kuwa maombi yalizidi, wengi walipata sehemu ndogo tu ya hisa walizoomba na kusubiri kurudishiwa fedha iliyobaki, huku aliyekopa akiendelea kulipa riba. Hisa zilianza kuuzwa katika soko la Nairobi tarehe 9 Juni 2008. Bei ilipanda siku za mwanzo ikapita shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5 za kununulia, na mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyevumilia alifurahi baadaye, kwani mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40. Aliyekopa hakuweza kuvumilia. Kwake hasara ilikuwa hasara.

Hadithi hii husimuliwa kama somo la subira. Mimi naona jambo jingine ndani yake. Hisa zilizouzwa zilikuwa za serikali, na fedha zilikwenda hazina. Maana yake zilikuwa mali ya umma kwa maana ile ya kwanza, mali ya kila Mkenya, hata mchungaji wa Turkana asiyekuwa na simu. Zikauzwa kwa umma kwa maana ya pili. Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Mwenye shilingi 10,000 alinunua kitu ambacho jana kilikuwa chake kwa sehemu. Asiyekuwa nazo aliacha kuwa mwenye mali bila kuulizwa. Atajibiwa kwamba fedha ya hazina ni yake pia, itamjengea barabara. Inawezekana. Lakini barabara haiorodheshwi popote kwa jina lake, wala hatapata barua ya kumwita kwenye mkutano mkuu wa mwaka.

Kulikuwa na doa jingine. Kampuni iliyoitwa Mobitelea, iliyosajiliwa Guernsey, ilikuwa imepata sehemu katika Vodafone Kenya, na kwa njia hiyo katika Safaricom, na wenyewe hawakufahamika. Kamati ya Bunge ililihoji jambo hilo kabla ya mauzo. Fikirini: mama wa kijijini anayenunua hisa 2,000 anaandika jina lake, namba ya kitambulisho na sahihi yake, lakini hana njia ya kujua ni nani aliyewahi kukaa naye katika umiliki. Kwetu mtu hawezi kuingia katika nawenuze akiwa amejifunika uso.

Suala hili liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Jirani zetu wa Rwanda waliuza kwa umma hisa za serikali katika Bralirwa, kiwanda cha bia, mwishoni mwa mwaka 2010, na hisa hizo zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Rwanda mwezi Januari 2011. Sisi tuna Brarudi, ambayo kama Bralirwa iko chini ya Heineken, na serikali yetu ina hisa zake, kiasi cha asilimia 40. Kiwanda chake kimoja kiko Gitega, na malori yake hupita barabara tunayopita kwenda nyumbani. Siku moja huenda mtu akapendekeza hisa hizo ziuzwe kwa umma. Siku hiyo nitapenda kuuliza, umma upi?

Nirudi kwenye swali la mama. Sisi tutakuwa nani? Kwanza nilidhani anauliza juu ya mamlaka: nani ataamua bei ya kusaga, nani atashika ufunguo. Hayo yana majibu yake. Aliyeshika zaidi ya nusu ya hisa hushinda katika kura, na mwenye nusu kamili anaweza kuzuia kila jambo. Nilimwambia mama wasikubali nusu, wabaki na angalau hisa 601. Alicheka. Akasema sikumwelewa.

"Wakati wa babu yako," akasema, "mtu aliweza kumpa jirani ng'ombe amchungie. Maziwa na mbolea ni vya mchungaji, ndama wanagawanywa. Lakini mwenye ng'ombe alikuja. Ng'ombe akiugua aliitwa. Ng'ombe akila mahindi ya mtu, aliitwa vilevile. Huyu wa Gitega nitamwita kwa lipi?"

Hilo ndilo swali la maadili ninalotaka kulishika. Sheria za kampuni zimebuni kitu kinachoitwa dhima yenye ukomo. Mwenye hisa anaweza kupoteza fedha aliyoweka na si zaidi. Kampuni ikifilisika, hawaji kuchukua shamba lake. Ng'ombe wake akila mahindi ya mtu, atakayeitwa ni kampuni, yeye ataendelea kunywa chai. Je, mtu anaweza kumiliki kitu na asiwajibike kwa kinachofanywa na kitu hicho?

Kampuni ya kwanza inayokumbukwa kwa kuuza hisa kwa umma mpana ni ile ya Uholanzi ya India ya Mashariki, VOC. Mwaka 1602 ilifungua daftari mjini Amsterdam, na mkazi yeyote wa nchi aliruhusiwa kuandikisha kiasi alichotaka. Waliojiandikisha Amsterdam walizidi 1,100. Miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa ndani wa mmoja wa wakurugenzi, aliyeweka gilda 100. Nampenda mtumishi huyo. Ni mama yangu wa mwaka 1602, anaweka akiba yake mahali ambapo matajiri wanaweka zao. Gawio la kwanza, mwaka 1610, lilitolewa kwa basibasi, ule utando mwekundu unaofunika kungumanga. Kungumanga wakati huo ilipatikana katika visiwa vya Banda tu, katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Mwaka 1621 gavana wa kampuni hiyo, Jan Pieterszoon Coen, alivivamia visiwa hivyo ili kampuni iwe mnunuzi pekee. Walikuwapo watu wapatao 15,000. Walibaki wachache sana. Wengine waliuawa, walikufa kwa njaa, walikimbia au walichukuliwa utumwani.

Je, yule mtumishi ana damu mikononi? Mwaka 1602 hakuweza kujua. Wanahisa wa VOC hawakuwa na sauti juu ya wakurugenzi, na hesabu walikuwa hawaonyeshwi. Lakini chukulia kwamba mwaka 1622 bado alikuwa na hisa zake, na mabaharia waliorudi walisimulia. Angefanya nini? Jibu la haraka ni kwamba angeuza. Soko la upili lilikwishakuwapo Amsterdam. Lakini akiuza, mtu mwingine atanunua, na Banda haipati chochote. Atakuwa amenawa mikono, basi. Nadhani hapa ndipo soko la hisa linapotudanganya. Linafanya kutoka kuwe rahisi mno, hata tunakuona kutoka kama ndiyo njia ya kuwajibika. Mwenye ng'ombe aliyeitwa kwenye shamba lililoliwa hakuruhusiwa kusema, "Basi, ng'ombe nimemuuza asubuhi."

Rafiki yangu anayesoma uchumi aliposoma rasimu ya insha hii alikasirika. Alisema dhima yenye ukomo ndiyo iliyomruhusu maskini kuingia. Kama kila mwenye hisa angedaiwa madeni yote ya kampuni, ni matajiri tu wangethubutu, na mtumishi wa Amsterdam angeweka gilda zake chini ya godoro. Akaniuliza: mkanda wa mashine ukikatika ukamjeruhi mteja, unataka mama yako anyang'anywe shamba? Sitaki. Ana haki, na nakubali. Ukomo wa deni ni huruma. Ninachokataa ni kuuhamisha ukomo huo kutoka kwenye deni kwenda kwenye dhamiri, kana kwamba mtu akishahesabiwa anachoweza kupoteza, amehesabiwa pia anachopaswa kujali. Mteja aliyejeruhiwa, mama hatapoteza shamba, lakini atakwenda kumwona hospitalini. Atakwenda kwa sababu mashine ni yake. Yule wa Gitega atakwenda? Na mwenye hisa 2,000 kati ya bilioni 40 za Safaricom, yeye aende wapi?

Kwa huyu wa mwisho sina jibu kubwa. Kura yake ni tone. Naona anadaiwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wake, nalo ni kujua. Asome waraka wa matarajio kabla ya kusikiliza jirani anasema bei itafika wapi. Ajue fedha inayomjia kama gawio imetoka kwa nani na kwa njia gani, na akiona vibaya aulize kwenye mkutano hata kama hatasikilizwa. Anayenunua hisa kwa kuangalia bei peke yake amenunua ng'ombe bila kuuliza zizi.

Nilidhani nimemaliza, nikampigia mama. Hapo ndipo aliponiambia jambo alilokuwa amelificha kwa wiki mbili. Wanawake wamesikia kwamba kuna mtu mwingine anayejenga banda la mashine ya kusaga ng'ambo ya bonde, ya umeme tangu mwanzo. Wateja wao karibu nusu wanatoka upande ule. Mfanyabiashara wa Gitega, kadiri wanavyojua, hana habari. Kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema hajauliza, na asiyeuliza hajibiwi. Mmoja alisema kwamba mtu wa mjini hashindwi kutafuta habari zake.

Mabishano hayo ni ya kale. Cicero, katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anamweka mbele yetu mfanyabiashara anayefika Rhodes na nafaka kutoka Alexandria. Rhodes kuna njaa na bei iko juu. Anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au auze kwanza? Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji afichue kasoro za bidhaa ambazo sheria inataka zifichuliwe, asidanganye, na mengine si lazima ayaseme. Kunyamaza si sawa na kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa. Kwake binadamu wamefungwa pamoja, na huwezi kumnyima mwenzako habari inayomhusu kwa ajili ya faida yako. Cicero aliona kwamba mfanyabiashara hapaswi kuficha.

Zamani ningesema Diogenes ana hoja nzuri. Nafaka ni nafaka. Mnunuzi anabeba gunia lake anakwenda, na muuzaji anang'oa nanga. Lakini hisa si gunia. Unapomuuzia mtu hisa katika soko la awali humpi kitu aende nacho, unamwingiza ndani ukae naye. Yule wa Gitega baada ya kutoa milioni 6 atakuwa mshirika wa mama yangu. Siku ya kwanza ya ushirika wao itakuwa imejengwa juu ya jambo ambalo yeye peke yake halijui. Kwa sababu hiyo naona sheria ya waraka wa matarajio inamfuata Antipater, na inafanya vizuri: inamlazimisha anayeuza aseme hata yale yanayopunguza bei yake. Ndiyo sababu pia mkurugenzi anayeuza hisa zake kwa siri kwa kuwa amejua hasara kabla ya wengine hutendewa kama mwizi, ingawa hakusema uongo wowote.

Nilimwambia mama wamwambie. Nilimwambia pia kwamba huenda bei ikashuka au mtu akaondoka, na mashine itaendelea kusubiri mazuti. Alinyamaza, kisha akasema ni rahisi kwangu kusema, mimi ninayekula chuoni. Sikuwa na la kujibu. Karo yangu ya muhula uliopita ilitoka kwenye mashine ile.

Walimwambia Jumapili, baada ya misa, mbele ya wote. Mama anasema mtu yule hakushangaa hata kidogo. Alisema alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikwisha liona banda lile kabla ya kuja kwao. Baadhi ya wanawake wakacheka kwa kufarijika. Mama hakucheka. Alimwuliza kwa nini basi hakusema, maana wao walidhani wanauza mashine isiyo na mshindani jirani, na kumbe yeye alikuwa ananunua akijua. Akajibu kwamba hakuulizwa.

Mpaka ninapoandika, hawajasaini. Sita wanataka, sita hawataki, na mama ndiye anayeshika ufunguo wa banda.